Cameron: Baharia aliyekarabati chombo kikuukuu Ujiji na kuufikia mlango wa Ziwa Tanganyika

MKAZI wa Jabe, mtaa wa Bwiza jijini Bujumbura ambako Kiswahili kimezoeleka kama Kirundi, hahitaji kufika ufukweni ili ajue kwamba Ziwa Tanganyika limejaa. Habari humfikia sokoni, msikitini na kwenye vituo vya basi.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2021, na ikawa hivyo tena Aprili 2024, maji yalipoingia bandarini na familia nyingi za Gatumba zikahama nyumba zao. Kila inapotokea hivyo, wazee huuliza swali lile lile: maji haya yote, yanayoletwa na Rusizi, Malagarasi na mito mingine isiyohesabika, hutoka kwa mlango gani?

Jibu ni kwamba mlango ni mmoja tu. Unaitwa Lukuga, na uko upande wa magharibi wa ziwa, pale ulipo mji wa Kalemie katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji mengi ya ziwa hupotea angani kwa mvuke, lakini mto unaotoka ni huo peke yake.

Wenyeji wa pwani ile waliujua tangu enzi za mababu zao. Ila habari zake ziliufikia ulimwengu wa nje kupitia kwa ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, ambaye mwaka 1874 alikodi chombo kikuukuu mjini Ujiji, akakifanyia matengenezo, akakitweka tanga na kuuzunguka upande wa kusini wa ziwa.

Vitabu vingi humtaja Cameron kwa miguu yake, kwa sababu ndiye Mzungu wa kwanza kuikata Afrika ya kati kutoka mashariki hadi magharibi. Makala haya yanamtazama kwa chombo chake, kwa kuwa ndicho kilichompa jibu ambalo watu wa Bujumbura wanaishi nalo hadi leo.

Mtoto wa mchungaji aliyekwenda baharini

Cameron alizaliwa Julai 1, 1844 huko Radipole, karibu na mji wa bandari wa Weymouth, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 13 tu, alijiunga na jeshi la majini.

Wakati huo meli za kivita zilikuwa zikianza kutumia injini za mvuke, lakini zilikuwa bado na milingoti na matanga. Kijana aliyeingia humo alifundishwa kufunga kamba, kushona tanga, kuziba nyufa na kusoma upepo kabla ya jambo jingine lolote. Ujuzi huo ndio uliokuja kumwokoa Ujiji.

Mwaka 1868 alikuwa katika vita vya Waingereza dhidi ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Baadaye alipangiwa doria ya kuzuia biashara ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko aliona kwa macho yake majahazi yaliyojaza watu kama magunia, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili.

Kazi ya meli hizo za doria ilikuwa kukamata majahazi ya watumwa, na mengi yaliyokamatwa yalichomwa moto. Cameron hakujua kwamba miaka michache baadaye angezunguka mji mzima akitafuta chombo kimoja tu cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, akiomba kukodishiwa kwa bei yoyote.

Safari ya kumtafuta Livingstone

Mwishoni mwa mwaka 1872 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimteua Cameron kuongoza msafara wa kumpelekea msaada David Livingstone, ambaye Henry Morton Stanley alikuwa amemkuta Ujiji mwaka uliotangulia.

Msafara uliondoka Bagamoyo Machi 1873. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto, akarudi Zanzibar akiwa huru. Bombay alikuwa amekwisha kusafiri na Richard Burton na John Speke, kisha na Stanley. Hakukuwa na mtu aliyeijua njia ya bara kumzidi.

Msafara huo uliandamwa na balaa tangu mwanzo. Kijana Robert Moffat, mpwa wake Livingstone, alifariki kwa homa Mei 1873 kabla hawajafika mbali. Waliobaki walifika Kwihara, karibu na Tabora ya leo, mwezi Agosti wakiwa taabani kwa homa na maradhi ya macho.

Oktoba 1873 wakiwa hapo ndipo walipopata habari kwamba Livingstone amefariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa sasa Zambia. Watumishi wake waaminifu, Chuma na Susi, pamoja na wenzao, walikuwa wakiubeba mwili wake kuelekea pwani.

Kwa hiyo kazi iliyomleta Cameron ilikuwa imekwisha. Mwenzake mmoja, Luteni Cecil Murphy, aliamua kurudi pwani pamoja na mwili. Mwingine, Dk. William Dillon, aliondoka naye akiwa mgonjwa, na katika kuweweseka kwa homa akajiua kwa bunduki njiani mwezi Novemba.

Cameron angeweza kurudi bila kulaumiwa na mtu. Badala yake alielekea magharibi akiwa Mzungu pekee katika msafara, pamoja na Bombay na watu wake. Alitaka kuziokoa karatasi za Livingstone zilizobaki Ujiji, kisha alimalize swali ambalo Livingstone alilifia.

Swali lenyewe lilikuwa hili: Ziwa Tanganyika lina maji matamu ingawa mito mingi huingia humo ikibeba chumvi chumvi zake. Ziwa lisilo na pa kutokea huwa chungu. Basi lazima pawe na mlango. Je, uko wapi, na maji yake huenda Nile au Kongo?

Chombo kilicholipiwa kwa mzunguko

Cameron aliingia Ujiji Februari 1874. Alizipata karatasi za Livingstone na kuzituma pwani. Halafu akaanza kutafuta chombo.

Jambo hilo lilikuwa limemshinda Speke mwaka 1858. Yeye alivuka ziwa kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, Bombay akiwa pamoja naye, ili akamwombe Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake. Alirudi mikono mitupu. Burton na Speke wakalazimika kuutembelea upande wa kaskazini wa ziwa kwa mitumbwi, na upande wa kusini ukabaki bila kuchunguzwa.

Livingstone na Stanley nao walikwenda kaskazini kwa mtumbwi Novemba 1871, wakipita pwani ya Mugere, karibu na Bujumbura ya leo, ambako liko jiwe la kumbukumbu yao. Waliuthibitisha ukweli mmoja: Rusizi huingia ziwani, haitoki. Mlango ungetafutwa kwingine.

Chombo alichokiona Cameron kilikuwa mali ya Said bin Habib, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa amekwisha kufika hadi Loanda, kwenye bahari ya magharibi, miaka mingi kabla Cameron hajaota kufanya hivyo. Mwenyewe hakuwepo Ujiji. Mambo yake yalisimamiwa na wakala.

Hapo ndipo pakatokea kisa ambacho hadi leo hutajwa katika vitabu vya uchumi kueleza kwa nini binadamu walihitaji fedha. Wakala alitaka alipwe kwa pembe za ndovu, na Cameron hakuwa nazo. Mohammed bin Salib alikuwa na pembe, lakini alitaka vitambaa, navyo Cameron hakuwa navyo. Mohammed bin Gharib, aliyewahi kumtunza Livingstone alipougua, alikuwa na vitambaa, lakini alitaka waya.

Waya Cameron alikuwa nao. Akampa bin Gharib waya, bin Gharib akampa bin Salib vitambaa, bin Salib akampa wakala pembe, na wakala akakitoa chombo. Watu watatu waliridhika ili baharia mmoja apate pa kukaa na kushika usukani.

Kazi ya mikono

Ndugu msomaji, kukarabati chombo cha mbao si suala la kupigilia misumari tu. Mbao zikikaa juani bila kutumika hukauka na kusinyaa. Viungo hufunguka, na chombo kikishushwa majini hunywa maji kama kapu.

Fundi hodari huanza kwa kugonga ubao mmoja mmoja akisikiliza. Ubao mzima huitika kwa mlio mkavu, uliooza hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Ulioharibika hung'olewa, na mwingine huchongwa kwa tezo hadi ukae sawasawa kwenye taruma, yaani mbavu za chombo.

Kisha huja kazi ya kukalafati. Nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta husokomezwa katika kila ufa kwa patasi butu, polepole, kwa sababu ukipiga sana ubao hupasuka na ukipiga kidogo maji hupita. Mwisho chombo hushushwa na kuachwa kivimbe. Mbao hunywa maji, hunenepa na kubanana zenyewe. Fundi mwenye haraka huharibu kazi yote hapo.

Katika Ziwa Tanganyika ufundi wa aina mbili ulikutana. Wenyeji walikuwa na mitumbwi mikubwa iliyochongwa kutoka gogo moja la mvule, mingi ikitengenezwa Ugoma, upande wa magharibi, na kuuzwa Ujiji. Watu wa pwani walileta tanga, foromali, usukani na desturi ya kuongeza mbao ubavuni. Mafuta ya mawese hayakukosekana Ujiji, na mvule ni mti ambao maji na mchwa huushindwa.

Cameron alikifanyia chombo hicho matengenezo, akakitayarishia matanga, akakiita Betsy. Kingine kidogo alichokikodi kiwe msaidizi akakipa jina la Pickle. Kazi aliyojifunza akiwa mtoto wa miaka 13 sasa aliifanya akiwa na miaka 29, katika ziwa lililo katikati ya bara, mbali na bandari yoyote ya meli za nchi yake.

Inafaa kulinganisha na alivyofanya Stanley miaka miwili baadaye. Yeye alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa mti wa mwerezi na kukatwa vipande ili ibebwe na wapagazi. Cameron hakuwa na mashua ya kubebwa. Alitegemea chombo cha ziwa lenyewe, mbao za ziwa, na watu wanaolijua.

Kuuona mlango

Betsy na Pickle ziliondoka Ujiji katikati ya Machi 1874, wakati wa mvua. Ziliambaa na pwani ya mashariki kuelekea kusini. Mchana walisafiri kwa tanga upepo ukiwa mzuri, kwa makasia ulipokatika, na jioni walipiga kambi ufukweni.

Walipita rasi ya Kabogo, ambako wapiga makasia walikuwa na desturi ya kutoa shanga kwa mizimu ili wapite salama. Nahodha wa Kiingereza hakuiamini mizimu, lakini tufani za ziwa hilo hazimwulizi mtu imani yake.

Kila mdomo wa mto walioufikia Cameron aliuandika. Alihesabu mito 96, bila kutia vijito na chemchemi, na yote ilikuwa ikiingiza maji. Walizunguka ncha ya kusini na kupanda na pwani ya magharibi. Bado hakuna mto uliokuwa ukitoka.

Tarehe 3 Mei 1874 waliingia Lukuga. Hapo mkondo ulielekea kinyume cha mito yote waliyoipita: ulitoka ziwani. Walikwenda nao maili chache tu, wakazuiwa na nyasi na mafunjo yaliyoshikamana na kuelea kama zulia. Mtawala wa hapo alimweleza kwamba mto huo huenda hadi Lualaba, na kwamba watu wake wameufuata.

Cameron alitamani kukata njia katikati ya majani yale, lakini hakupata watu wa kuifanya kazi hiyo. Mwezi huo huo wa Mei akarudi Ujiji. Alikuwa ameuona mlango, lakini ulikuwa umefungwa nusu.

Alikosa chombo cha pili

Kutoka Ujiji alivuka ziwa na kutembea hadi Nyangwe, kwenye mto Lualaba, alikofika Agosti 1874. Alipima kimo cha mahali hapo na kukuta ni chini kuliko Nile ilivyo kule Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo Lualaba haikuwa Nile, kama Livingstone alivyoamini, bali Kongo.

Alichohitaji sasa ni mitumbwi ya kushuka nayo hadi baharini. Safari hii hakukuwa na waya uliosaidia. Wenye mitumbwi walikataa, na sifa ya kuufuata mto Kongo hadi mwisho ikaja kuchukuliwa na Stanley mwaka 1877.

Mfanyabiashara maarufu Tippu Tip alimchukua Cameron hadi kambini kwake na kumwelekeza njia ya kusini. Alikaa miezi mingi katika himaya ya Kasongo Kalombo wa Waluba akisubiri msafara wa kuandamana nao. Msafara aliopata ulikuwa wa Alvez, mfanyabiashara wa watumwa.

Hilo ni doa ambalo haliwezi kufichwa katika maisha yake. Mtu aliyewahi kukamata majahazi ya watumwa alitembea nyuma ya minyororo kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kutoka. Aliyaeleza mateso aliyoyaona, na habari hizo ziliamsha hasira Ulaya, lakini waliofungwa hawakufunguliwa.

Novemba 1875 aliifikia Katombela, karibu na Benguela, akiwa anaugua kiseyeye. Bombay na wenzake waliosalia walirudishwa Zanzibar kwa meli. Bombay alifariki mwaka 1885 bila jina lake kupewa uzito ule wa mabwana aliowaongoza.

Sifa na gharama yake

Uingereza ilimpokea Cameron kwa heshima kubwa mwaka 1876. Alipandishwa cheo na kupewa medali ya dhahabu na Chama cha Kifalme cha Jiografia. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1877.

Hata hivyo, kuna mtu mwingine aliyezisoma habari zake kwa makini: Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Taarifa za utajiri wa bonde la Kongo zilimvutia, na Septemba 1876 aliitisha mkutano wa wanajiografia mjini Brussels. Cameron alikuwa miongoni mwa waliohudhuria.

Akiwa safarini Cameron alikuwa ametangaza bonde hilo liwe chini ya ulinzi wa Uingereza, lakini serikali yake haikukubali. Leopold hakusita. Kilichofuata Kongo kinajulikana, na kuanzia mwaka 1916 utawala wa Wabelgiji uliifikia Burundi pia. Ramani iliyochorwa ndani ya Betsy haikuwa ya maji peke yake.

Kuhusu Lukuga, alibishiwa. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 hakuona maji yakitoka, akasema mlango huo ulikuwa bado haujafunguka. Kwa muda ilionekana kama baharia alikosea.

Ukweli ulijitokeza wenyewe. Ziwa liliendelea kupanda hadi karibu mwaka 1878, kisha kizuizi cha majani na tope kikabomoka. Edward Hore, baharia mwingine aliyekuja na wamisionari wa London, alifika Lukuga mwaka 1879 na kukuta mto ukitoka kwa nguvu. Joseph Thomson naye aliushuhudia muda mfupi baadaye. Kabla karne haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka kwa karibu mita 10.

Cameron hakurudi tena kwenye ziwa hilo. Mwaka 1878 alisafiri nchi za Mashariki ya Kati kutazama njia ya reli ya kuelekea India, na mwaka 1882 alikwenda Gold Coast, Ghana ya leo, pamoja na Burton. Aliandika pia hadithi za vijana.

Machi 1894, akirejea kutoka mawindoni karibu na Leighton Buzzard, alianguka kutoka juu ya farasi na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 49. Mtu aliyepona homa, kiseyeye na tufani za Tanganyika aliuawa na njia ya kwao.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1897, Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, mji ambao sasa ni Bujumbura. Kiswahili alichokitumia Cameron kuzungumza na watu wake kilikuwa kikisafiri kwa vyombo vile vile vya Ujiji, na kikajikita Buyenzi na Jabe hadi leo.

Mlango wa Lukuga nao ungali pale. Tope na mimea vikijazana, maji hupungua kasi ya kutoka, na mvua zikizidi, Kalemie, Kigoma na Bujumbura hulala macho. Cameron aliukuta umezibwa nusu, akakosa watu wa kuuzibua. Wanaoishi kando ya ziwa katika nchi nne sasa ni mamilioni, na kazi hiyo bado inawasubiri.